Kikombe Kilichoachwa Wima

Kijiwe chenyewe si kitu cha kutazamwa mara mbili: benchi moja refu mbele ya duka la fundi cherehani, meza ambayo mguu wake mmoja umetiwa kipande cha tofali, jiko la mkaa, birika lililokula moshi, na juu yake kibati kilichotoboka mahali pawili. Lakini kijiwe kina sheria, na sheria yake ni ngumu kuliko za mahakamani kwa sababu haina wakili wa kuipindisha. Ukimaliza kahawa na unakwenda zako, geuza kikombe kifudifudi, mahali pako pakaliwe na mwingine. Ukikiacha wima, umesema unarudi, na hata aje mkubwa gani, mahali pako hapakaliwi. Hakuna anayekumbuka sheria hiyo ilianza lini. Msimamizi wake ni Shangazi, mwenye birika, na kwenye rafu iliyo nyuma yake, kando ya kopo la sukari, palikuwa na kikombe chenye mstari wa buluu kilichosimama wima kwa miaka minne.

Kikombe hicho kilikuwa cha mdogo wake, fundi redio, ambaye kijiwe kizima kilimwita Mawimbi. Asubuhi moja alikunywa nusu, akasema, "Narudi sasa hivi, nafuata waya tu," akaondoka kuelekea kwenye kona. Palikuwa na gari jeupe. Wanaume wanne wenye sare walishuka, wakamtia ndani, mlango ukafungwa. Ndivyo hivyo tu, hata mkaa wa jikoni haukuwahi kushika vizuri. Binti yake alikuwa na miaka mitano. Sasa ana tisa na analala kitanda kimoja na shangazi yake. Ni kwa kumsikia mtoto huyo akiita "Shangazi! Shangazi!" kutwa nzima ndipo benchi likazoea, mpaka wazee waliomzidi umri nao wanamwita hivyo hivyo.

Siku hii ninayoisema redio ilikuwa mezani. Ni ile ile ambayo Mawimbi aliifungua tumbo na hakuifunga. Mgongo wake unashikiliwa na mpira, na ikianza kukoroma hupigwa kofi. Ilikuwa inahutubia.

"Kuanzia leo," ilisema, "vyombo vyote ishirini na viwili vinavyohusika na usalama wa raia vinaunganishwa chini ya paa moja, katika Idara ya Taifa ya Usalama wa Ndani. Mwananchi hatahangaika tena kutoka mlango hadi mlango."

Shangazi alikuwa anamimina. Mkono ulimsimama hewani, kahawa ikafurika kwenye kikombe cha watu na kuteremka mezani, na yeye hakuiona.

— Shangazi, unaninywesha meza, alisema Waziri.

Waziri ni kinyozi. Jina hilo alilipata kwa kutangaza mabadiliko ya baraza la mawaziri kila wiki, na mpaka leo halijatimia hata badiliko moja.

— Samahani, kaka. Nilikuwa nasikiliza.

— Unasikiliza redio wakati mimi nipo? Hayo yote nilishayajua tangu mwezi uliopita. Nilikuwa namnyoa dereva wa mtu mmoja ambaye ana shemeji yake huko juu.

— Dereva wa mtu mwenye shemeji, alisema Sentimita. Hapo umekaribia kabisa.

Sentimita ndiye fundi cherehani mwenyewe. Futi ya kupimia haimtoki shingoni, na watu husema hata akioga huiacha ikauke naye.

— Cheka. Sababu ya hii idara unaijua? Vyombo vilikuwa vinakamatana vyenyewe. Mpelelezi wa huku anamfuata mtu usiku na mchana, kumbe anayemfuata naye ni mpelelezi wa kule. Wamefuatana miezi sita, wakaishia kuoleana dada.

— Acha kutia chumvi!

— Naapa! Arusi imefungwa, kila mmoja anaandika ripoti.

Pasi alicheka mpaka akakohoa. Huyu ni dobi wa upande wa pili wa barabara, mtu mwembamba mwenye mikono iliyojikunja kwa maji, ambaye huja kijiweni maji yake yakiwa yanachemka na huondoka yakishapoa.

— Mimi nawaza sare, alisema. Wamesema watavaa rangi moja wote. Kijivu.

— Kijivu ndiyo, alidakia Sentimita. Na kuna sababu. Kitambaa cha kijivu hakina nyuma wala mbele. Mtu akivaa kijivu akasimama ukutani, humwoni. Wataweka mmoja kila ukuta. Wewe unaegemea ukuta unapumzika, kumbe umemwegemea mtu wa idara.

— Na vifungo je? aliuliza Waziri. Vifungo vitakuwa vinasikia. Ndiyo maana viko vinne kifuani. Viwili vya kusikia, viwili vya kukumbuka.

— Basi nikivifua vitasahau, alisema Pasi.

— Wewe hutafua! alisema Sentimita. Nguo zao zitafuliwa ndani, na zenu zitapelekwa huko kwanza zinuswe. Serikali itajua nani alitoka jasho la kazi na nani alitoka jasho la hofu.

— Hebu, alianza Waziri, kama wahenga walivyo...

— Wahenga waache walale, Waziri, Pasi alimkata. Tulikubaliana, methali mpaka kikombe cha tatu.

Shangazi alifuta meza. Huku mkono wake unakwenda na kitambaa, moyo wake ulikuwa kwenye yale maneno: mlango hadi mlango. Aliyesema hayo redioni lazima ana mtu aliyemwambia, alifikiri, kwa sababu milango hiyo yeye anaijua kuliko mlango wa nyumba yake. Polisi walimtuma kwa walinzi wa mpaka. Walinzi wa mpaka wakamtuma uhamiaji. Uhamiaji wakasema watu wa namna hiyo wako magereza, na magereza wakamuuliza kama ameshapita polisi. Walimpiga danadana hivyo miaka minne. Madirisha ya ofisi hizo yote ni mamoja, kioo cheusi na kitundu chini cha kupitishia karatasi, hivyo sura za watu wa ndani hazijui. Anaijua mikono yao. Kuna mwenye pete mbili, kuna mwenye kucha iliyokufa, kuna mama mmoja wa magereza mwenye mikono laini ambaye siku moja aliigusa ya kwake akasema pole, halafu akarudisha karatasi vile vile.

Huenda Jumatano. Kila Jumatano kahawa ya kijiweni huchelewa, na watu huambizana kuwa Shangazi amekwenda sokoni. Hurudi bila kikapu, na hakuna anayemuuliza amenunua nini. Ni heshima waliyompa bila kukaa kikao.

— Mzee Barua, wewe mbona kimya? aliuliza Pasi. Ofisi hizi ndizo zako.

Mzee Barua alikuwa tarishi wa serikali miaka thelathini. Alibeba mafaili kutoka ofisi hii kwenda ile mpaka bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto, na hata leo, akiwa hana kitu mkononi, hutembea kama mwenye mzigo.

— Ishirini na viwili, alisema taratibu. Mimi niliona viwili tu vikiunganishwa, nikachoka. Kwanza huhama wakubwa. Halafu huhama viti vya wakubwa. Halafu mazulia. Mwisho kabisa ndiyo mafaili, na hayo hupakiwa kwenye lori na mtu asiyejua kusoma, yanakwenda kukaa ghalani yakisubiri makabati. Makabati tuliyasubiri miaka mitatu. Ghala lile lilikuwa linavuja.

— Na mafaili? Shangazi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya mtu anayepiga soga.

Mzee Barua alimtazama, akajutia ulimi wake.

— Mengine yalipona, mwanangu. Mengi yalipona.

— Hayo yalikuwa zamani, Waziri aliingilia haraka. Siku hizi kila kitu kiko kwenye mashine. Unabonyeza, mtu anatoka. Tena nasikia chini ya jengo hilo kuna mji mzima. Una barabara, una hospitali, una kinyozi wake. Mtu aliyepotea huku juu anakutwa kule chini, amenenepa, anafanya kazi zake.

Akaishia hapo. Alikuwa amekusudia kuchekesha, na maneno yalipomtoka aliyaona yamekwenda kutua wapi. Redio ilikoroma. Hakuna aliyeipiga kofi.

Shangazi aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua mfuko wa plastiki uliokuwa nyuma ya kopo la sukari. Ndani yake mlikuwa na picha moja na barua saba zenye mihuri saba tofauti, na kila barua ilikwisha kwa maneno yale yale: tunakushauri uwasiliane na chombo kinachohusika.

— Jamani, alisema. Jumatano mimi siendi sokoni.

— Tunajua, dada yetu, alisema Pasi.

— Najua mnajua. Leo nasema. Kesho kutwa ni Jumatano, nakwenda kwenye hilo jengo jipya. Kama vyombo vyote viko ndani ya nyumba moja, basi na aliyemchukua yumo humo humo. Hawana tena wa kunisukumia. Lakini siwezi kwenda na karatasi peke yake. Nataka mashahidi wangu.

Sentimita na Pasi walitazamana, na ghafla kila mmoja akakumbuka kikombe chake.

Ni hivi. Siku ile Sentimita alikuwa kwenye cherehani na Pasi alikuwa anaanika. Wote wawili waliiona ile shughuli kuanzia gari kusimama mpaka kuondoka, hatua thelathini kutoka walipo. Wote wawili waliandika maelezo siku hiyo hiyo, na hapo ndipo balaa ilipoanza.

— Mimi niko tayari, alisema Sentimita. Nilishasema na nitasema tena. Kitambaa kile kilikuwa kaki, nyuzi nene, mifuko imeshonwa mara mbili. Hao ni walinzi wa mpaka.

— Buluu! alisema Pasi. Buluu iliyopauka. Mtu kaianika juani bila kuigeuza, miezi na miezi. Mabega yamekuwa meupe. Ile ni sare ya polisi, mimi nimefua sare za polisi miaka kumi na moja.

— Kufua si kushona!

— Na kushona si kuona! Wewe rangi unaijua ikiwa dukani, mimi naijua ikishateseka!

— Mfuko wa polisi una mshono mmoja!

— Basi ndugu zangu, alisema Mzee Barua. Basi.

Ugomvi huu una umri wa miaka minne, na kijiwe kiliwahi kuufanya mchezo, watu wakawa wanauchokoza ili wacheke. Shangazi hakuwahi kucheka. Alipopeleka maelezo polisi, walisoma ya Sentimita wakasema, shahidi wako anasema kaki, kaki siyo sisi. Alipoyapeleka kwa walinzi wa mpaka, walisoma ya Pasi wakasema, hapa pameandikwa buluu, mama, buluu siyo sisi. Kila ofisi ilijichagulia shahidi wa kumfungia naye mlango. Na mashahidi wenyewe kila mmoja aling'ang'ania ufundi wake, kwa sababu kukubali kuwa amekosea kitambaa ingekuwa ni kujivua kazi mbele za watu.

— Sikilizeni, Shangazi alisema. Sasa rangi imekuwa moja. Kijivu. Huko ninakokwenda hakuna atakayeniuliza tena kaki au buluu. Watanionyesha watu wao wote waliovaa kijivu, waseme, haya, mama, ni yupi? Sasa niambieni. Wale watu wanne. Sura zao.

Pasi aligeuka kumtazama Sentimita.

— Sentimita, kaka yangu. Mmoja tu. Alikuwa mnene? Alikuwa na ndevu? Alikuwa kijana?

Sentimita alishika futi yake kwa mikono miwili, akaivuta mpaka ikamkaza shingo.

— Nilitazama mifuko, alisema.

— Wote wanne?

— Wote wanne. Nilikuwa nahesabu mishono. Shangazi, ni mazoea, jicho linakwenda lenyewe. Mtu akipita naona upindo, naona bega limekaa vibaya. Niliona bega. Wanamshika Mawimbi, anageuka kuniangalia, na mimi ninaangalia bega la shati la mtu.

Alisema hayo akilia, mzee wa miaka hamsini na saba, na hakujificha.

— Na wewe, Pasi?

— Kola, alisema Pasi. Zilikuwa chafu.

Hakuna aliyewalaumu. Shangazi alirudisha picha kwenye mfuko, akaukunja mdomo wake mara tatu kama anavyoukunja siku zote. Alikuwa na hasira, tusimsingizie utakatifu. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu watu wawili walikuwa na macho na katika macho yote manne hamkuwa na uso hata mmoja. Lakini watu hao hao ndio waliomjengea mtoto kitanda mwaka ule, na ndio wanaobadilishana kumpeleka shule mvua ikinyesha. Alimeza mate, akainua birika, akawaongeza kahawa wote wawili.

Ndipo mtu wa kijivu alipotokea kwenye kona ile ile.

Alikuja kwa miguu, peke yake, ameshika ubao wa kuandikia wenye karatasi zilizobanwa. Shati lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya kutoka kwenye pakiti.

— Upindo wameuvuta, alinong'ona Sentimita. Haukushonwa, umebandikwa.

— Halijaguswa na maji hilo, alinong'ona Pasi.

— Tazameni sura, Shangazi alisema bila kugeuza kichwa. Safari hii tazameni sura.

Wakatazama. Alikuwa mwanamume wa makamo, kichwa kimeanza kuwa na mvi juu ya masikio, kovu dogo chini ya mdomo upande wa kushoto, macho mekundu ya mtu aliyelala kidogo. Jicho moja lilikuwa dogo kuliko lingine. Walimtazama wote watano kwa pamoja bila kupepesa, mpaka akapunguza mwendo.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Habari, mama.

— Nzuri, mheshimiwa! Waziri aliruka. Karibu sana! Tulikuwa hapa tunaisifu idara. Nilikuwa nawaambia hawa, hii ndiyo hatua tuliyoingojea. Karibu ukae, mheshimiwa, Shangazi mpe kahawa, kaa hapa, pana nafasi...

Katika kiherehere chake alikuwa ameonyesha pengo la mwisho wa benchi, karibu na rafu. Mtu wa kijivu alishukuru, akageuka, akainama kukaa.

— Hapo hapana! walisema Sentimita, Pasi na Mzee Barua kwa sauti moja.

Yule bwana alishtuka akasimama wima.

— Kuna rangi mbichi?

— Pana mtu, alisema Mzee Barua.

Akatazama pengo. Akawatazama wao. Hakukasirika, akabaki amesimama, akakubali kikombe alichopewa na Shangazi na kukiweka kwenye pembe ya meza ili aandike.

— Sitawachelewesha. Idara inaandikisha sehemu zote za mikusanyiko. Ni fomu fupi tu, hakuna cha kuogopa. Sehemu inaitwaje?

— Kijiwe, alisema Pasi.

— Shughuli?

— Kahawa.

— Na mazungumzo, alisema Waziri. Ya kawaida! Hali ya hewa.

Aliandika hali ya hewa.

— Mnakaa watu wangapi hapa kwa kawaida?

— Watano, mheshimiwa, alisema Waziri.

— Sita, alisema Sentimita kwa wakati ule ule.

Kalamu ilisimama.

— Watano au sita?

Waziri aliinamisha kichwa. Maji ya Pasi upande wa pili yalikuwa yamechemka mpaka yanamwagika, na hakunyanyuka.

— Andika sita, alisema Shangazi.

Mtu wa kijivu aliwahesabu kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama mwalimu. Waziri, Sentimita, Pasi, Mzee Barua, mama mwenye birika. Kalamu ikafika kwenye pengo la mwisho wa benchi.

— Naona watano, mama. Wa sita yuko wapi?

Lilikuwa swali la fomu. Aliliuliza kwa upole na uchovu, kama alivyoliuliza pengine kwenye mitaa mitatu kabla ya huu, ambako wa sita alikuwa ameenda haja au anaumwa. Waziri, mwenye jibu la kila kitu cha serikali tangu vifungo mpaka miji ya chini ya ardhi, alitazama viatu vyake. Mzee Barua alikamata bega lake lililoshuka. Redio ilitoa mlio mwembamba ikakata yenyewe.

— Rudia, alisema Shangazi.

— Nini, mama?

— Ulichouliza. Rudia.

— Wa sita yuko wapi?

Alilisikiliza mpaka mwisho. Miaka minne amelipitisha swali hilo kwenye vitundu vya madirisha, ameliandika, ameligongesha mihuri, amelilalia na kuliamkia na mtoto wa watu pembeni yake. Leo limevaa kijivu, limemfuata mpaka kwenye birika lake, linamuuliza yeye.

— Hilo swali ni langu, alisema. Nililileta kwenu mimi. Nililileta mara saba kwa barua, na kwa miguu sijui mara ngapi. Baba, hilo halina jibu hapa. Jibu liko kwenu.

Akafungua mfuko, akamwekea barua saba juu ya ubao, moja moja, na juu yake picha. Yule bwana alizisoma zote. Hakuruka hata moja. Alipofika ya uhamiaji alikaa nayo muda mrefu zaidi.

— Mpaka juzi mimi nilikuwa hapa, alisema, akaigusa. Uhamiaji. Ofisi ya juu, si dirishani.

Shangazi aliitazama mikono yake, kwa mazoea. Hakuwahi kuiona.

— Alichukuliwa na watu wa sare?

— Ndiyo.

— Sare gani?

Kijiwe kizima kilimgeukia Sentimita, kisha Pasi.

— Sijui, alisema Sentimita.

— Na mimi sijui, alisema Pasi. Tulikosea kutazama.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne maelezo yao kufanana.

— Mama, alisema mtu wa kijivu, nisikudanganye. Hata mimi sijui mafaili yako wapi sasa hivi. Yako kwenye malori.

— Najua yako kwenye malori. Mzee huyu ametuambia. Mimi sikuombi faili. Nakuomba uandike ulichoniuliza.

— Kwenye fomu hamna nafasi. Hapa ni idadi tu.

— Andika pembeni.

Aligeuza ubao. Akaandika pembeni mwa karatasi, kuanzia chini kwenda juu, na Shangazi alimfuata herufi kwa herufi: wa sita yuko wapi. Akamuuliza jina. Shangazi akayataja majina yote matatu ya mdogo wake, aliyopewa na baba yao, na benchi likashtuka kidogo, kwa maana kwao alikuwa Mawimbi tu na hawakuwahi kuyasikia kwa mpangilio huo. Yakaandikwa nayo. Mtu wa kijivu akanakili na tarehe za zile barua saba, akarudisha kila kitu kwenye mfuko wa plastiki kwa mikono yake mwenyewe, na alipoukunja mdomo aliukunja mara tatu.

Alikunywa kahawa iliyokwishapoa akiwa amesimama, akitazama barabara. Kisha akaweka kikombe mezani, akawaaga kwa kichwa, akashika njia kuelekea kwenye kona.

Wote walikiona. Kikombe kilikuwa kimesimama wima.

— Ameacha wima, alisema Waziri kwa sauti ndogo. Nimwite aje akigeuze?

— Mwache.

— Lakini Shangazi, huyo ni mgeni. Sheria yetu haijui.

Shangazi alikichukua kile kikombe. Kilikuwa na masimbi ya kahawa chini, na hakukisuuza. Aliifikia rafu, akasogeza kopo la sukari, akakisimamisha kando ya kile chenye mstari wa buluu.

— Mawimbi aliijua, alisema, na bado hajarudi.

Akainua birika kuwaongeza. Lilikuwa tupu.